Maana ya Hasi

Mtoto wa dada yangu aliishi siku sita.

Siku ya nne, saa nane mchana, dada alinitumia picha ya karatasi ya maabara kwa WhatsApp. Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, nasoma mikrobiolojia, na katika ukoo wetu nilikuwa nimeshapewa udaktari ambao hakuna chuo kilichonipa. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, maneno machache chini ya jina la mama wa mtoto. Kwa Kiswahili yangesomeka hivi: vijiti, Gram hasi.

Chini ya picha dada aliandika, “Mdogo wangu, wameandika hasi. Si ndiyo nzuri?”

Nilielewa alikotokea. Kwetu hasi ni neno la kumshukuru Mungu. Kipimo cha malaria kikiwa hasi, unapewa dawa za maumivu unarudi nyumbani. Cha VVU kikiwa hasi, unatoka nje na kuvuta pumzi ndefu kabla ya kupanda daladala. Dada alikuwa ameshalala siku tatu kwenye benchi nje ya wodi ya vichanga, na katika karatasi nzima hilo ndilo neno pekee alilolifahamu.

Mimi nilifahamu kwamba hasi hii haikuwa ile. Ilimaanisha kwamba ndani ya damu ya mtoto, mahali ambapo hapatakiwi kuwa na bakteria hata mmoja, bakteria wamekutwa, tena wa kundi lenye sifa mbaya kwa kuzikataa dawa. Niliitazama simu kwa muda mrefu. Mwishowe nikaandika, “Dada, wasikilize madaktari, wao ndio wanajua.” Kisha nikaingia darasani.

Hakuwahi kuniuliza tena. Lakini swali lake lilibaki kwangu kama deni. Miaka mitano sasa imepita, niko shahada ya uzamili, na kila wiki natia bakteria rangi kwa njia ileile iliyotumika kwenye karatasi yake. Haya ndiyo majibu ambayo nilipaswa kumpa, na ili yaeleweke inabidi nianzie mbali kidogo na hospitali. Nianzie kwenye pilipili manga.

* * *

Mwaka 1676, katika mji wa Delft nchini Uholanzi, mfanyabiashara wa vitambaa aitwaye Antonie van Leeuwenhoek aliloweka punje za pilipili manga kwenye maji. Alitaka kujua kwa nini pilipili inawasha. Alifikiri huenda ina vijimiba vidogo mno vinavyouchoma ulimi. Punje zenyewe hazikuwa kitu cha ajabu mjini pale: Delft ilikuwa moja ya miji sita iliyokuwa na matawi ya Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, na meli za kampuni hiyo zilipakia viungo upande huu wa dunia na kuvuka navyo bahari yetu ya Hindi hadi Ulaya.

Leeuwenhoek hakuwa msomi wa chuo. Wauza vitambaa wa zama zake walikagua nyuzi kwa kioo cha kukuzia, na yeye akaipenda kazi ya vioo kuliko ya nguo. Alitengeneza hadubini zake mwenyewe: lenzi moja ndogo kama punje, imebanwa kati ya vibati viwili, unaisogeza karibu kabisa na jicho. Zile bora zilikuza kitu zaidi ya mara 200.

Miba hakuiona. Aliona viumbe hai. Vilikuwa vidogo kiasi kwamba hata kwa lenzi zake vilionekana kwa shida, na vilikuwa vingi kuliko alivyoweza kuhesabu. Oktoba mwaka huohuo aliandika barua kwenda Jumuiya ya Kifalme jijini London. Wengi walitia shaka, hadi mwaka 1677 Robert Hooke alipoloweka pilipili yake na kuwaonyesha wanachama wenzake viumbe wale wale. Mwaka 1683 Leeuwenhoek alikwangua utando mweupe kwenye meno yake na kuukuta umejaa viumbe wanaocheza na kuzunguka. Alisema kwamba waliokuwa mdomoni mwake walikuwa wengi kuliko watu wa nchi yake nzima.

Napenda kumtafakari mtu huyu kwa sababu hakuogopa. Aliwaona bakteria kama majirani aliokuwa hajui kwamba anao. Aliona vijiti, vidoti na nyuzi zilizojisokota, akavichora, na akaendelea kula kwa meno yaleyale. Kwa karibu miaka 200 baada yake mambo yalibaki hapohapo: watu walijua kwamba bakteria wapo na walijua maumbo yao ya nje, lakini walivyoumbwa hakuna aliyejua. Kijiti kimoja kinachong’aa ndani ya tone la maji kinafanana sana na kijiti kingine.

* * *

Hasi ilizaliwa Berlin, mwaka 1884, ndani ya mochari.

Hans Christian Gram alikuwa kijana wa Denmark, mtoto wa Copenhagen, aliyeanza safari yake ya elimu kwenye mimea kabla ya kuwa daktari. Alifika Berlin wakati mji ule ulikuwa kitovu cha elimu ya vijidudu. Miaka miwili kabla, Machi 1882, Robert Koch alikuwa ametangaza hapohapo Berlin kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Gram alifanya kazi katika hospitali ya mji huo iliyopo Friedrichshain, chini ya Carl Friedländer, daktari aliyekuwa akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Mwaka 1882 Friedländer alikuwa ameeleza bakteria wenye umbo la kijiti kifupi aliowakuta kwenye mapafu hayo.

Shida yao ilikuwa ya kawaida kabisa. Ukikata kipande chembamba cha pafu na kukitia rangi, kila kitu kinashika rangi: bakteria na nyama ya pafu vyote vinakuwa bluu, na mdudu unayemtafuta anapotea kama sindano kwenye majani. Gram alitaka rangi itakayobaki kwa bakteria na kutoka kwenye nyama.

Alitumia rangi ya zambarau ambayo familia nyingi za kwetu zinaijua. Ni ileile GV tuliyopakwa mdomoni utotoni, tukarudi shuleni na midomo ya zambarau tukichekana. Baada ya rangi hiyo akamwagia ayodini, kisha akaosha kwa spiriti. Spiriti iliondoa rangi kwenye nyama ya pafu. Bakteria wengi wakabaki, zambarau iliyokolea, wazi kabisa.

Ila si wote. Bakteria wa homa ya matumbo walipauka pamoja na nyama. Vijiti vya Friedländer navyo vikapauka. Kwa jicho la Gram hili lilikuwa doa kwenye kazi yake: njia iliyokusudiwa kuonyesha bakteria ilikuwa inawaficha baadhi yao. Alichapisha hivyohivyo, na mwishoni mwa andiko lake akakiri kwamba anajua njia yake ina kasoro, ila anatumaini itawafaa watafiti wengine. Baadaye alirudi Copenhagen, akawa profesa wa elimu ya dawa, akafariki mwaka 1938. Friedländer hakupata umri huo. Alikufa mwaka 1887, hajafikisha miaka 40.

Kasoro ile ndiyo ikawa ugunduzi. Carl Weigert, Mjerumani, aliongeza hatua ya mwisho: rangi ya pili, nyekundu nyepesi, ili wale waliopauka nao waonekane. Tangu hapo bakteria wengi wamekaa katika makundi mawili. Wanaoshika zambarau wanaitwa Gram chanya. Wanaoiachia na kuvaa waridi wanaitwa Gram hasi.

Kwa hiyo, dada, hasi haisemi kwamba ugonjwa haupo. Inasema tu kwamba rangi ya kwanza haikushika. Viumbe wale walipewa jina kwa kitu walichokosa, na mtu aliyetafuta kitu kingine.

* * *

Nini kilikuwa kinaikataa rangi? Gram hakujua, wala kizazi kilichomfuata. Jibu limo ndani ya mchoro ambao kila aliyesoma bailojia kidato cha tano ameuchora.

Tulichora kwa penseli: umbo la kidonge, mkia nyuma, vinywele pembeni, kamba iliyojisokota katikati. Mwalimu alitoa alama moja kwa kila sehemu iliyotajwa sawasawa. Kamba ile ni vinasaba. Bakteria hana kiini cha kuvihifadhi. Kamba imelala wazi ndani ya uji wa seli, na ncha zake kwa kawaida zimeungana kuwa duara. Kwa E. koli, bakteria anayeishi matumboni mwetu, duara hilo ukilinyoosha linapata kama milimita 1.5, ilhali mwenye nalo ana urefu wa sehemu mbili tu za elfu ya milimita. Kamba ni zaidi ya mara 500 ya urefu wa nyumba, na imekunjwa ikaenea. Kuizunguka kamba kuna maelfu ya ribosomu, mashine ndogo zinazosoma maagizo ya vinasaba na kufuma protini. Mkia unazunguka kama panga la injini ya boti na kumsukuma mbele. Akipata chakula na joto linalomfaa, E. koli anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20.

Nje ya yote haya kuna utando laini, na nje ya utando kuna ukuta. Njia rahisi ya kuuelewa ni gurudumu la baiskeli. Utando ni tyubu, ukuta ni tairi. Ndani ya bakteria mna chumvi na sukari nyingi kuliko nje, kwa hiyo maji yanasukumana kuingia, na presha inapanda. Tyubu peke yake ingepasuka. Tairi inaibana na kuipa umbo. Tairi hiyo imefumwa kwa peptidoglikani, nyavu za sukari zilizofungwa kwa vipande vifupi vya protini, na kazi za maabara za miaka ya 1950 na 1960 zilionyesha kwamba ukuta mzima ni kama mfuko mmoja usio na mshono.

Gram chanya wana tairi nene, tabaka juu ya tabaka. Zambarau na ayodini zikiingia zinaganda pamoja, spiriti inaukausha na kuukaza ukuta ule mnene, na rangi inanaswa ndani. Gram hasi wana tairi nyembamba sana. Lakini juu yake wamevaa kitu ambacho wenzao hawana: utando wa pili, kama koti la mvua. Spiriti inalichana koti, tairi nyembamba inashindwa kuizuia rangi, nayo inatoka.

Koti hilo ndilo lililotutesa. Kwanza, limejengwa kwa mafuta yenye sumu yake. Richard Pfeiffer, mwanafunzi wa Koch, aliieleza mwaka 1892: sumu ambayo ni sehemu ya mwili wa bakteria mwenyewe, inayotoka anapovunjika. Mwili wa binadamu ukiinusa sumu hii kwenye damu unapiga kengele zote kwa pamoja. Homa, mishipa inalegea, presha inashuka. Kichanga hana akiba ya kupambana na hali hiyo muda mrefu.

Pili, koti linazuia dawa. Mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary’s jijini London, Alexander Fleming aliona ukungu umeua bakteria kwenye sahani yake. Penisilini, dawa iliyotokana na ukungu ule, inaharibu ufumaji wa tairi. Bakteria anaendelea kukua, tairi inapata matundu, tyubu inapasuka. Lakini katika andiko lake la mwaka 1929 Fleming alisema wazi kwamba kuna waliosimama bila kutikisika, na wengi wao walikuwa Gram hasi. Hata alipendekeza penisilini itumike maabara kuwafyeka wengine ili mmoja wao, aliyekuwa akihusishwa na mafua makali, apatikane kwa urahisi. Mwaka 1940 Edward Abraham na Ernst Chain, pale Oxford, waliripoti kimeng’enya kinachoikata penisilini. Walikipata kwa E. koli, Gram hasi. Ilikuwa miezi michache kabla ya mgonjwa wa kwanza wa Oxford kutibiwa maambukizi kwa penisilini hiyo, Februari 1941. Katika Gram hasi vimeng’enya vya aina hiyo hukaa kwenye uwazi mwembamba kati ya koti na utando wa ndani, kama walinzi kati ya geti na mlango.

Mtoto wetu alipewa ampisilini na gentamisini, dawa ambazo vichanga wenye maambukizi ya damu huanzishiwa karibu kila mahali. Ampisilini, mtoto wa penisilini, hulenga ukuta. Gentamisini hulenga ribosomu. Nilipolifahamu hilo nilirudi kwenye daftari langu la kidato cha tano nikautazama ule mchoro upya. Kila sehemu aliyoitolea mwalimu alama moja, mtu mahali fulani alikuwa ameifanya shabaha. Na kila shabaha bakteria wamejifunza kuikinga, na kinga hizo wanapeana wao kwa wao kwa vijiduara vidogo vya vinasaba, kama watu wanaopeana namba za simu.

Majibu kamili ya kuotesha yalifika siku mbili baada ya mazishi. Klebsiella, vijiti vifupi, sugu kwa zile dawa mbili za kwanza. Klebsiella wa nimonia kwa muda mrefu alijulikana kwa jina jingine: kijiti cha Friedländer. Yule yule aliyepauka Berlin.

* * *

Kwa miaka kadhaa nilichukia waridi. Nikiona vijiti vya waridi chini ya hadubini, mkono ulikuwa unakuwa mzito kuandika. Wenzangu maabara walikuwa na msemo wao, kikulacho ki nguoni mwako, wakiwa wanazungumzia bakteria wa matumbo wanaoingia kwenye damu. Nilikubaliana nao. Hata hivyo nilipofika kuchagua mada ya utafiti wa uzamili, nafasi iliyokuwa na fedha haikuwa ya hospitali. Ilikuwa ya maharage.

Bibi yetu, Rungwe, amepanda maharage katikati ya mahindi maisha yake yote. Utotoni tulipong’oa maharage wakati wa mavuno tuliona mizizi imejaa vinundu kama vya ugonjwa, na mimi na dada tulivikwanyua kwa kucha ili “kuuponya” mmea. Hatukuwa wa kwanza kukosea. Marcello Malpighi, daktari wa Italia, alivichora vinundu hivyo katika karne ya 17 na kudhani ni uvimbe. Bibi hakuwa na maelezo ya kitabuni. Alisema tu, “Viacheni. Mahindi yanavipenda.”

Mwaka 1886, miaka miwili tu baada ya andiko la Gram, na katika mji uleule wa Berlin, Hermann Hellriegel aliwaeleza wanasayansi waliokusanyika kile alichokipata pamoja na mwenzake Hermann Wilfarth. Walipanda njegere kwenye mchanga uliochemshwa ukafa kila kitu, bila mbolea ya naitrojeni. Njegere zilidumaa. Walipomwagia maji yaliyochujwa kutoka kwenye udongo wa shamba, vinundu vikatokea na mimea ikanawiri. Kitu hai kwenye udongo kilikuwa kinailisha mimea kwa hewa.

Aliyekikamata kitu hicho ni Martinus Beijerinck, mwaka 1888, akifanya kazi kwenye kiwanda cha hamira. Kiwanda kilikuwa Delft, mji wa yule muuza vitambaa na pilipili yake. Beijerinck alivipasua vinundu, akaotesha kilichokuwemo, akapata vijiti. Leo tunawaita rizobia.

Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78, lakini hakuna mnyama wala mmea awezaye kuila jinsi ilivyo. Atomu zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu kubwa. Bakteria wachache, na ndugu zao wa mbali wa arkea, ndio wenye kimeng’enya cha kuzitenganisha, nacho kinaharibiwa na oksijeni. Kwa hiyo maharage humjengea rizobia chumba, humlisha sukari, na huisimamia oksijeni ndani ya chumba hicho kwa protini iliyo ndugu wa ile inayofanya damu yetu iwe nyekundu. Mjapani Hideo Kubo aliitambua mwaka 1939. Ndiyo maana kinundu kinachofanya kazi ukikikata kina waridi ndani. Kikiwa cha kijani au cha kahawia, kazi imekwisha.

Siku ya kwanza nilipotia rangi rizobia niliowatoa kwenye mizizi kutoka shamba la bibi, nilijua kitakachokuja, maana kimeandikwa kwenye kila kitabu. Bado nilikaa muda mbele ya hadubini. Vijiti. Waridi. Gram hasi. Tairi nyembamba, koti la mvua juu yake. Waridi ya kinundu na waridi ya rangi ya maabara hazihusiani, hiyo ni sadfa tu. Koti si sadfa. Ni umbo lilelile la mwili, limefanya kazi mbili tofauti katika familia moja: limemuua mjukuu wa mama yangu, na limemlisha mama yake tangu utoto.

Kabla ya viwanda vya mbolea vya karne ya 20, karibu naitrojeni yote iliyojenga miili ya watu ilipitia kwanza ndani ya bakteria. Dada alikula maharage ya bibi miezi yote ya ujauzito. Mtoto alizaliwa na kilo tatu kasoro. Sehemu ya kilo hizo ilikuwa kazi ya vijiti vya waridi.

* * *

Kuna jambo moja zaidi, na hili nililichelewesha kwa sababu sikujua jinsi ya kulisema.

Mwaka 1967 mwanamke kijana wa Marekani, Lynn Margulis, aliyekuwa bado akitumia jina la Sagan, alichapisha andiko ambalo majarida kama 15 yalikuwa yamelikataa. Alisema kwamba mitokondria, vijiumbo vinavyochoma chakula na kutoa nguvu ndani ya seli zetu, zamani za kale walikuwa bakteria waliokuwa wakijitegemea. Waliingia ndani ya seli nyingine, hawakuliwa, wakabaki. Wazo hilo wengine walishalitoa kabla yake na kupuuzwa. Safari hii ushahidi ulikuja. Mitokondria wana vinasaba vyao wenyewe, kwa kawaida vya duara. Wana ribosomu zao, zinazofanana na za bakteria kuliko zetu. Na wana utando wa nje na wa ndani, tabaka mbili, kama Gram hasi. Vinasaba vyao viliposomwa, ndugu zao wa karibu walipatikana katika kundi pana la bakteria ambamo rizobia nao wamo. Tairi wameshaivua, maana ndani ya seli hakuna haja nayo. Koti wamebaki nalo.

Kwa binadamu mitokondria hurithiwa kwa mama. Bibi alimpa mama, mama akatupa mimi na dada, dada akampa mtoto wake. Kwa siku sita, kila pumzi aliyovuta ilikwenda kwao.

Sisemi hivi ili kujifariji. Bakteria hawakumpenda wala kumchukia mtoto yule, na maharage ya bibi hayamrudishi. Wala sijasahau kazi iliyo mbele yetu hospitalini: kunawa mikono, kutotumia antibayotiki kiholela, kupima mapema, kutafuta dawa zinazolipenya koti. Nasema kwa sababu tuliwajua bakteria kwa undani kupitia mochari, na rangi tunayowagawia hadi leo ilitafutwa kwenye mapafu ya wafu. Tukabaki na mchoro wa shabaha. Leeuwenhoek aliwaona wakiwa hai kwanza, na bibi, bila lenzi yoyote, alituambia tuviache.

Februari iliyopita nilikwenda Rungwe kuchukua sampuli. Dada alikuwa pale, amekuja kumsaidia bibi kupalilia. Niling’oa mche mmoja wa maharage, nikautingisha udongo, nikakata kinundu kwa ukucha nikamwonyesha. Ndani palikuwa na waridi iliyokolea.

“Hawa ndani nao ni hasi,” nilimwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele yake tangu siku ile.

Alikichukua kinundu akakigeuza kiganjani. Nilimweleza nilichoweza: rangi ile, tairi, koti, kwa nini karatasi iliandikwa vile. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, “Kwa hiyo siku ile ulijua?”

“Nilijua kidogo, dada. Nilijua kwamba haikuwa nzuri.”

Hakusema kitu. Aliinama, akachimba kishimo kwa vidole, akaurudisha mche wangu ardhini na kuufukia mizizi, akausindilia udongo kwa kiganja. Tukaendelea na mstari uliofuata.